Kompyuta ya gemu Arusha na Moshi: ununue iliyokamilika au uiunde mwenyewe?

Ukiuliza kama ununue kompyuta ya gemu iliyokwisha kuundwa au uiunde mwenyewe, wengi watakujibu kwa bei peke yake. Mtu wa Dar anaweza kuishia hapo, maana kipuri kikigoma asubuhi, jioni yupo Kariakoo anakibadilisha. Aliyeko Arusha au Moshi ana hesabu nyingine. Vipuri vingi vya gemu huku havikai dukani. Vinaagizwa Dar na kuja kwa basi, au vinavushwa Namanga kutoka Nairobi. Kikiwa kibovu kinarudi njia hiyo hiyo, nauli juu yako. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei jiulize mambo mawili: kitu kikifa nani atahangaika nacho, na umeme wa nyumbani kwako ukoje.

Hatua ya 1: Anza na gemu na kioo

Chukua karatasi uandike gemu tatu unazocheza kweli, siyo zile unazotamani kuja kucheza. Chini yake andika kioo (skrini) ulichonacho au utakachonunua: vipimo vyake na herzi zake. Kioo cha 1920 kwa 1080 chenye herzi 60 hakionyeshi zaidi ya picha 60 kwa sekunde hata kadi ya picha ikitoa 140. Pesa nyingi hupotelea hapo, mtu analipia kadi ambayo kioo chake hakiwezi kuifaidi.

Kwa kioo hicho cha 1080, mambo yako hivi:

- Valorant, Counter-Strike 2 na gemu za zamani kwa mipangilio ya chini: prosesa (ubongo wa kompyuta) yenye uwezo wa picha ndani yake, bila kadi, kama Ryzen 5 5600G, inatosha. Sharti RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) ziwe mbili za GB 8, siyo moja ya GB 16. Picha za ndani zinatumia RAM ya mashine, na RAM ikiwa moja data inapita njia moja tu.
- GTA V, gemu za mpira na Fortnite kwa picha 60: kadi ndogo kama GTX 1650 au RTX 3050 ya GB 6.
- Gemu mpya nzito kwa mipangilio ya kati kwenda juu: RX 6600, RTX 3060 ya GB 12, RTX 4060 na kuendelea. Kadi ya GB 4 usiinunue kwa kundi hili hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Tangazo la "Core i7, RAM 16, SSD 512" halijakwambia kitu bado. i7-2600 ni ya mwaka 2011. I3-12100 ya 2022 inaiacha mbali ingawa jina lake ni dogo. Angalia tarakimu baada ya kistari: 2600 ni kizazi cha 2, 8700 ni cha 8, 12400 ni cha 12. Muuzaji akikwepa kukutajia namba nzima, jibu unalo. Herufi F mwishoni, kama kwenye i5-12400F, maana yake prosesa haina picha ndani. Bila kadi utaangalia kioo cheusi.

Kizazi kina uzito kwa sababu nyingine pia. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Zipo mbinu za kuiingiza kwenye mashine za zamani, lakini Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka) viwe vimewashwa, la sivyo haifunguki.

Hatua ya 2: Zijue njia zote tatu

Watu huziona njia mbili, kununua mpya au kuunda. Ipo ya tatu, na kwa mwenye bajeti ndogo ndiyo tunayoipendekeza kwanza: mashine ya ofisi ya mtumba, uiongezee kadi ya picha. Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zinapatikana kwa wauzaji wa mitumba ya kompyuta, zikiwa zimetolewa maofisini Ulaya, Marekani au Dubai. Zimeundwa kufanya kazi mchana kutwa na huwa hazisumbui.

Masharti yake ni haya. Chukua yenye keisi kubwa ya kusimama, siyo ile nyembamba. Nyembamba inapokea kadi za nusu kimo tu, ambazo ni adimu na ghali. Chukua kizazi cha 8 au zaidi. Pawa saplai yake (kisanduku kinachogawa umeme ndani) mara nyingi ni ya wati 240 hadi 300 na haina waya wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi itakula umeme wa kwenye sloti peke yake, ambao mwisho wake ni wati 75. Hapo zinafaa RTX 3050 ya GB 6 (wati 70), GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa umeme, au GTX 1050 Ti ya namna hiyo. RX 6400 inakula wati 53 tu, lakini inatumia njia 4 za PCIe (njia za data kati ya kadi na mashine), na kwenye mashine za PCIe 3.0 inapungua kasi waziwazi. Tena usidhani utakuja kubadilisha pawa saplai baadaye kirahisi: nyingi za Dell na HP zina plagi yake ya pekee kwenye mazabodi (ubao mkuu), na ya kawaida ya dukani haiingii. Njia hii ina dari. Ukishaifikia, unauza mashine nzima na kuanza upya.

Laptopu ya gemu tunaitaja kwa ufupi. Inamfaa mwanafunzi anayehama hosteli kila muhula, na betri yake inamaliza nusu ya tatizo la umeme. Ila jina la kadi kwenye laptopu linadanganya: RTX 4060 ya laptopu inaweza kuwekewa kikomo popote kati ya wati 35 na 115, na tofauti ya kasi ni kubwa. Uliza wati, siyo jina tu.

Hatua ya 3: Piga hesabu kipuri kwa kipuri

Usikubali kuuziwa mashine iliyokamilika kama gunia lililofungwa. Mwombe muuzaji orodha yenye modeli ya kila kitu: prosesa, mazabodi, RAM (ngapi, kasi gani), SSD (diski ya kuhifadhia), kadi, pawa saplai, keisi. Wauzaji wengi hutaja prosesa na kadi, wakanyamaza kwenye mazabodi na pawa saplai, na hapo ndipo walipobana pesa.

Ukishapata orodha, tafuta bei ya kila kipuri kwa wauzaji wasiopungua watatu. Jumlisha. Ongeza nauli ya parseli, pesti ya prosesa (ya kupitisha joto), na ujira wa fundi kama huna mpango wa kuunda kwa mkono wako. Kisha pande zote mbili ongeza vile vinavyosahaulika: kioo, UPS (betri ya kukushikia umeme ukikatika), kibodi, kipanya, hedifoni, leseni ya Windows. Bajeti inayoishia kwenye keisi itakufikisha katikati ya safari.

Sasa linganisha. Kanuni yetu ni hii:

Iliyokamilika ikizidi vipuri kwa chini ya asilimia 10, na muuzaji yuko Arusha au Moshi, na waranti yake imeandikwa kwenye risiti, inunue. Hiyo asilimia 10 inakulipia usumbufu wa kurudisha vitu Dar kimoja kimoja. Ikizidi kwa asilimia 20 na kuendelea, unda. Katikati ya hapo, amua kwa pawa saplai na mazabodi: zikiwa za jina linalojulikana na sehemu za kuongezea RAM na SSD zipo, nunua; zikiwa za kubahatisha, unda.

Kuna hali moja inayogeuza kanuni hiyo. Kuanzia mwishoni mwa 2025 RAM zimepanda bei sana duniani, kwa kuwa viwanda vya chipu vinahudumia kwanza vituo vya data vya akili mnemba. Duka lenye mashine iliyoundwa kabla ya hapo linaweza kukuuzia chini ya jumla ya vipuri vyake. Ukikuta hivyo usijitie ufundi, chukua. Kwa sababu hiyo hiyo, ukiunda sasa, AM4 (aina ya soketi ya prosesa za Ryzen) yenye RAM za DDR4 (tuseme Ryzen 5 5600 na mazabodi ya B550) bado ina maana, hasa ukipata RAM za DDR4 zilizotumika. Soketi ya AM5 ni ya kisasa zaidi na utaweza kubadilisha prosesa miaka ijayo, lakini inapokea RAM za DDR5 tu.

Mgawanyo wa pesa ndani ya keisi: kadi ya picha ichukue karibu theluthi moja hadi asilimia 40. Prosesa ya i5-12400F au Ryzen 5 5600 inatosha kwa kadi za daraja la RX 6600 hadi RTX 4060. Anayeweka i7 na GTX 1650 amenunua kinyume.

Hatua ya 4: Umeme, kabla hujalipa hata shilingi

Hapa ndipo mashine nyingi za huku hufia, na mara nyingi lawama hubebeshwa kadi au fundi.

Soma lebo ya pawa saplai, usisome boksi. Tafuta mstari wa +12V, zidisha volti 12 kwa ampea zake. Pawa saplai inayojiita ya wati 500 ikiwa na ampea 16 kwenye +12V inatoa wati 192 huko, na huko ndiko prosesa na kadi zinakolishwa. Nzuri ya wati 550 huandika ampea 45 hivi, yaani wati 540. Nyanyua pia: iliyo nyepesi kama tupu ni tupu kweli. Keisi zinazouzwa na pawa saplai ndani yake kwa bei ya pamoja, chukua keisi, hiyo pawa saplai usiitegemee kwa kadi yoyote yenye waya wake wa umeme.

Kwenye lebo hiyo hiyo angalia umeme unaoingia. Iliyoandikwa 100–240V inavumilia umeme mdogo wa jioni, ule unaofifisha taa mtaa mzima ukipika. Iliyoandikwa 200–240V inaweza kuzima umeme ukishuka. Na kwenye mashine za mtumba, hasa za Marekani, chungulia nyuma uone kama kuna swichi ndogo nyekundu ya 115/230. Ikiwa kwenye 115 na ukachomeka umeme wetu wa 230, utasikia mlio mmoja, na kazi imekwisha.

Kwa wati: i5-12400F ikikimbia kwa nguvu zote inafika wati 117, RX 6600 inakula 132, vilivyobaki weka 50. Jumla ni kama 300. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 inabeba hiyo kwa raha na kukuachia nafasi ya kadi kubwa kidogo baadaye.

UPS inunuliwe kwa wati, siyo kwa VA, namba kubwa inayoandikwa kwenye boksi. Ya 650VA kwa kawaida inabeba wati 360 hadi 390. Mashine ya wati 300 pamoja na kioo cha wati 25 imeshaigusa kingo. Umeme ukikatika katikati ya mechi italia na kuzima pamoja na mashine. Chukua ya 1200VA yenye wati 650 hivi, iliyo na AVR (kisawazisha volti) ndani. Itakupa dakika chache, za kuhifadhi na kuzima, siyo za kumaliza mechi. Betri yake ni ya asidi na huchoka baada ya miaka miwili au mitatu. Ukiona UPS inazima papo hapo, badilisha betri kabla ya kununua UPS nyingine. Kuna pawa saplai ambazo hazielewani na UPS za bei ndogo zinazotoa wimbi la kukadiria, kwa hiyo jaribu siku ile ile: washa gemu, chomoa UPS ukutani, uone kama mashine inabaki hai.

Friji gadi siyo badala ya UPS. Kazi yake ni kukata umeme ukiwa juu au chini mno na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Hilo ni jema kwa friji. Kwa kompyuta iliyo katikati ya kuandika kwenye SSD ni kukatiwa tu.

Ukigusa keisi ukiwa pekupeku na ikakupiga kidogo, nyumba haina ethi au ekstensheni yako imekata pini ya ethi. Pawa saplai zina kichujio kinachopeleka umeme kidogo kwenye bati la keisi ili uende ardhini. Ethi isipokuwepo unapitia kwako, na unapitia pia kwenye nyaya za HDMI ukichomeka runinga. Mwite fundi umeme apige fimbo ya ethi. Mashine yenye waya wa plagi ya Kichina isichomekwe kwa adapta ya pini mbili. Nunua waya wa pini tatu, ni wa bei ndogo. Msimu wa masika, radi zikianza, chomoa plagi na waya wa intaneti pia. Swichi ya ukutani haizuii radi.

Na LUKU: mashine inayovuta wati 275 pamoja na kioo, ukicheza saa 4 kwa siku, ni uniti 1.1, yaani kama 33 kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye D1, tarifa ya matumizi madogo yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, inaweza kuvuka na kuhamishiwa tarifa ya juu. Mweleze anayenunua umeme nyumbani kabla hajauliza mwenyewe.

Hatua ya 5: Wapi pa kununulia

Dukani Arusha au Moshi nunua vinavyokufa mapema na vinavyovunjika njiani: kioo, UPS, pawa saplai, keisi. Kipuri kisichovunjika na kinachopimika kwa urahisi, kama prosesa, RAM au SSD, agiza Dar bila wasiwasi. Daima dai risiti ya EFD yenye modeli na namba ya kifaa (serial number). Waranti ya mdomo haina kazi.

Nairobi ina chaguo kubwa zaidi, na kutoka Arusha ni karibu kuliko Dar. Lakini mzigo mpya unatangazwa Namanga, au Holili kwa wa Moshi, na VAT ya asilimia 18 inahesabiwa. Nafuu za bidhaa za Afrika Mashariki ni za vitu vilivyotengenezwa ndani ya jumuiya. Kadi iliyotoka China haigeuki ya Kenya kwa kuuzwa mtaa wa Luthuli, Nairobi. Weka kodi hiyo kwenye hesabu ya hatua ya 3 tangu mwanzo, na kumbuka kwamba waranti nayo iko ng'ambo ya mpaka.

Mashine iliyokamilika ikija kwa basi, mwombe muuzaji atoe kadi ya picha na kuifunga kwenye boksi lake. Kadi nzito ikisafiri ikiwa kwenye sloti, mtikiso wa barabara unaipasua sloti yenyewe. Usipokee parseli kabla ya kuifungua mbele ya wakala na kupiga picha.

Hatua ya 6: Kukagua kilichotumika

Nenda na flashi yenye programu za GPU-Z (hutambua kadi), CrystalDiskInfo (hupima SSD) na HWiNFO (huonyesha joto na hali ya mashine). Muuzaji akikataa zisifunguliwe, ondoka.

Kadi feki zipo. Ni kadi ya zamani iliyobadilishiwa BIOS (programu ya ndani ya kifaa) ili ijitambulishe kwa jina jipya. Windows inadanganyika, GPU-Z haidanganyiki kirahisi na huandika kwamba ni feki mbele ya jina. Dalili ya nje ni tundu la bluu la VGA kwenye kitu kinachoitwa GTX 1050 Ti, kwa sababu kadi za kizazi hicho ziliacha kutoa picha za analogi. Kuna pia RX 580 yenye maandishi 2048SP. Hiyo siyo feki, lakini RX 580 kamili ina viini 2304. Hii ni RX 570 kwa jina la kuazima, na bei yake iwe ya 570.

CrystalDiskInfo inakuonyesha saa ambazo SSD imefanya kazi na asilimia ya afya iliyobaki. Chini ya 80 omba punguzo. Ikiandika tahadhari, iache. Kisha washa gemu au FurMark, programu ya kuichosha kadi, kwa dakika 15 ukitazama joto. Kadi ikipita nyuzi 85 au feni zikapiga kelele ya kusaga, pesti imekauka au feni imekufa. Pesti ni kazi ya nusu saa. Feni ya kadi za zamani ni shida kuipata.

Hatua ya 7: Kuunda

Unahitaji bisibisi ya nyota yenye sumaku, meza kubwa na mchana mzima. Gusa bati la keisi mara kwa mara kuondoa umemetuli. Fuata mpangilio huu, maana ukianza na keisi utarudi nyuma.

1. Weka mazabodi juu ya boksi lake. Ingiza prosesa kwa kulinganisha pembetatu. Inakaa yenyewe bila kusukumwa. Ryzen za AM4 zina pini chini ya prosesa, Intel za 12 pini ziko kwenye soketi. Ukipinda moja, umepoteza prosesa au mazabodi.

2. RAM mbili ziende sloti ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwa prosesa. Sukuma mpaka ilie pande zote. RAM isiyokaa vizuri ndiyo sababu ya kwanza ya kioo cheusi.

3. SSD ya M.2 ingiza ikiwa imeinuka kidogo, ilaze, kaza skrubu. Hakikisha ni NVMe kama sloti inataka NVMe. Za SATA, aina ya zamani na ya polepole, zina umbo linalofanana.

4. Pesti kiasi cha punje ya mbaazi katikati ya prosesa, kama kipoozi hakija nayo tayari. Bandua plastiki ya chini ya kipoozi. Ikiachwa, prosesa inafika nyuzi 100 ndani ya dakika moja. Kipoozi cha Intel kina pini nne za kusukuma: bana kwa mshazari, kisha geuza mazabodi uone zote zimetokeza nyuma. Waya wa feni uende CPU_FAN.

5. Jaribu nje ya keisi. Unga waya mkubwa wa pini 24 na wa prosesa, unga kadi, washa kwa kugusisha pini mbili za PWR_SW (za swichi ya kuwasha) kwa bisibisi. Picha ikitokea, umejua kila kitu ni kizima kabla ya kufunga skrubu hata moja.

6. Ndani ya keisi, hesabu nguzo za kushikilia mazabodi na uzilinganishe na matundu yake. Nguzo iliyobaki pasipo na tundu inagusa mazabodi kwa nyuma na kupiga shoti. Bati la matundu ya nyuma liwekwe kwanza; karibu kila mtu hulisahau.

7. Waya wa prosesa (4+4) na wa kadi (6+2) vinafanana, lakini volti zimepangwa kinyume. Plagi isiyoingia haitaki nguvu. Na nyaya za pawa saplai moja usizitumie kwenye nyingine hata kama zinaingia. Mpangilio wa pini hutofautiana, na SSD huungua hivyo.

8. Kadi ya mwisho. Waya wa kioo uchomekwe kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi.

Feni: mbili mbele zikivuta ndani, moja nyuma ikitoa. Arusha ya Julai inakusamehe. Moshi ya Februari haisamehe, kwani chumba kikipanda nyuzi 8, vipuri navyo hupanda karibu 8 zile zile. Usiiweke mashine sakafuni. Vumbi la huku ni laini na huziba vichujio haraka, kwa hiyo visafishe kila baada ya wiki tatu au nne kiangazi.

Ukiwasha mara ya kwanza na una DDR5, kioo kinaweza kubaki cheusi dakika kadhaa wakati mashine inapima RAM. Wengi huizima hapo na kuanza kufungua kila kitu. Subiri dakika 10. Bado cheusi? Mazabodi nyingi zina taa nne za CPU, DRAM, VGA na BOOT; iliyobaki imewaka inakuonyesha pa kuanzia. Ya DRAM: bakiza RAM moja kwenye sloti ya 2. Ya CPU kwenye mazabodi ya B450 yenye Ryzen 5 5600: BIOS ni ya zamani na haiijui prosesa hiyo. Muulize muuzaji wa B450 toleo la BIOS kabla ya kulipa.

Ikishawaka, ingia BIOS uwashe XMP au EXPO (mpangilio wa kasi kamili ya RAM), la sivyo RAM ya 3200 itakimbia 2133 au 2400. Weka Windows kwa flashi ya GB 8 au zaidi, kutoka faili la Microsoft lenyewe. Baada ya draiva, nenda kwenye mipangilio ya kioo uweke herzi zake. Kioo cha 144 mara nyingi huanzia 60 na mtu hukaa nacho hivyo mwaka mzima. Gemu kubwa zinapita GB 100, kwa hiyo kabla ya kuteketeza bando tafuta mwenzako mwenye gemu hiyo: Steam inakopi gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao mmoja wa nyumbani, bila kutumia intaneti kwa sehemu kubwa ya mzigo.

Kisha ipime mapema, ndani ya siku za kurudisha. Acha MemTest86, programu ya kupima RAM, ipite usiku kucha. Alasiri, chumba kikiwa na joto lake lote, cheza gemu nzito saa mbili mfululizo huku HWiNFO ikirekodi. Mashine inayojiwasha upya wakati wa gemu tu ina tatizo la pawa saplai, joto au UPS iliyozidiwa. Chomeka ukutani moja kwa moja ujue kama ni UPS. Kipuri kikionyesha ubovu, rekodi video yenye ubovu huo na namba ya kifaa ndani ya fremu moja, mtumie muuzaji siku hiyo hiyo, ndipo upeleke boksi stendi.